Reli Niliyoitetea Peke Yangu

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa hapa Karatu. Wakubwa wa serikali walikuja kutuuliza kama tunakubali kiwanja cha ndege kipanuliwe, ili ndege kubwa za watalii wa Ngorongoro ziweze kutua.

Watu walipiga makofi. Kiwanja ni ajira, na ajira nani anaikataa? Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Moshi, nilikokuwa kibarua wa reli, na akili yangu yote ilikuwa kwenye treni. Nikasimama. Nikasema fedha hizo zijenge reli kutoka Arusha, tena ya treni za kasi, zile tulizokuwa tukisikia redioni kwamba Japani wanazo. Ndege itamleta mtalii na kumrudisha, nikasema, lakini ngano yetu na maharage yetu haitabeba. Loo! Walinicheka, hata watoto wakacheka.

Aliyenipinga kuliko wote ni Bura, jirani yangu wa rika langu, ambaye shamba lake limepakana na letu.

“Hiyo treni yako itaupandaje ule mlima uliosimama kama ukuta pale Mto wa Mbu?” akauliza. “Kwa ngazi?”

Kisha akaacha utani. Akatukumbusha kwamba mke wake aliposhindwa kujifungua, ndege ndogo ndiyo iliyomfikisha hospitali. “Wewe ngoja reli yako,” akasema. “Mimi ningekuwa nimeshazika.”

Hata hivyo sikukaa chini. Wakubwa wakaondoka wakisema tukapatane kwanza wenyewe, na hawakurudi. Lawama zote zikanishukia mimi.

Hapo ndipo nilipoujua upweke. Salamu zilikatika. Kanisani nilikaa benchi moja na mama yangu, sisi wawili tu. Na ngano yangu ilikuwa imeiva, nyati wameshaanza kushuka kutoka msituni. Kwetu mtu havuni peke yake, unajua. Unaalika majirani, pombe inapikwa, wanakuja na miundu yao. Mama akapika. Nikapita nyumba kwa nyumba kualika, na kila mmoja akanijibu kwa upole kwamba ana kazi.

Asubuhi nikaingia shambani. Nakata, nainuka kutazama njia, hakuna mtu. Nililia, mwanangu. Mwanaume mzima, katikati ya ngano.

Jua lilipopanda akaja Bura na mundu wake. Nikadhani amekuja kunicheka.

“Treni yako bado siitaki,” akasema. “Lakini na ngano yako sina ugomvi.”

Akainama, akaanza kukata. Mchana kutwa tulibishana, yeye na ndege yake, mimi na reli yangu, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kesho yake wengine, waliposikia Bura yupo, wakaja pia. Nyati walikula kidogo, sehemu kubwa tukaivuna.

Ubishi ule tuliuendeleza mpaka uzeeni. Reli haijafika Karatu hadi leo, na mimi bado nasema ingetufaa. Bura tulimzika mwaka juzi. Sasa nikianza habari za reli, ninyi vijana mnatikisa vichwa: ndiyo babu, kweli babu. Mnaniheshimu, nashukuru. Lakini nainuka hapo nikiwa mpweke kuliko siku ile ya ngano, maana hakuna anayenibishia.

Basi nakuusia hivi. Ukiona neno lako lina haki, lisimamie, hata kama umebaki peke yako na watu wanacheka. Anayekupinga msikilize, huenda ana maumivu yake ambayo wewe huyajui. Na jirani yako akibaki peke yake, mpinge kadiri unavyotaka, lakini siku ya mavuno yake nenda, usingoje wengine waanze.

Mungu akujalie mtu wa kukubishia maisha yako yote, mwanangu, na amwache kwako muda mrefu kuliko alivyoniachia wangu.