Sarafu ya Chuma ya Marehemu Ogutu

Shaba, jamani, Papa Gustave aliijua. Alizaliwa Likasi, Kongo, akakulia kwenye vumbi la migodi ya shaba, na kwa miaka kumi na minane amekuwa aking'arisha vyombo vya shaba kwenye meza yake kando ya barabara, ugenini, mtaa wa Marshalltown. Ndimu, chumvi, kitambaa, basi. Ubaya wake ni mmoja tu: haulizi. Umwambie nini mtu wa Likasi!

Ijumaa moja Jennifer, mwalimu Mkenya wa chuo kikuu kule Braamfontein, alimletea sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati. Ilikuwa ya chuma, ya enzi za wafalme, karne tisa zilizopita, imeliwa na kutu hadi herufi zake nne hazisomeki. Marehemu mumewe, Ogutu, alitembea nayo mfukoni miaka mingi, akitamani kujua ni ya mfalme yupi.

"Wiki ijayo tunamkumbuka, ametimiza mwaka," alisema Jennifer. "Nataka nilisome hilo jina la mfalme mbele ya watoto. Polepole, Papa, tafadhali."

"Mama, uniachie mimi."

Aliifuta kwa mafuta, na herufi ya juu ikajitokeza. Moyo ukamruka kwa furaha. Si angeishia hapo! Wapi. Jumapili asubuhi akaitumbukiza kwenye kikombe cha ndimu na chumvi, kama shaba, akaenda kanisani, na ibada ya Wakongo haina haraka. Aliporudi, kutu yote ilikuwa imebanduka, na herufi zimekwenda nayo.

Thierry, muuza vifuniko vya simu wa meza ya pili, akamnong'oneza, "Eish, mwambie ilikuja hivyo. Nani atajua?"

Gustave alilitafakari neno hilo siku mbili nzima na, tusimpambe, nusura akubali.

Lakini Jennifer alipofika, hata salamu ilimshinda Gustave. "Mama, nimeiharibu. Ni mimi." Machozi yakamtoka mtu mzima yule, wateja wakimtazama.

Jennifer akaigeuza sarafu kiganjani. "Hukuona chochote?"

"Herufi moja. Ya juu." Gustave akachukua kalamu, akaichora nyuma ya risiti, mstari kwa mstari.

"Na zingine?"

Mkono ukabaki hewani. Angeweza kuchora lolote, na mama wa watu angeondoka na furaha yake. Akaiweka kalamu chini. "Nikiongeza, Mama, nitakuwa nakudanganya."

Jennifer akaitazama herufi ile moja. "Ogutu alikufa hajaiona hata hii," akasema, kisha akavuta kigoda, akaketi, akalia.