Sahani za Mama Kati ya Majangwa Mawili

Kaka yangu alikuja Sydney kumchukua mama, na hakuja mikono mitupu. Alileta halua ya Maskati, ubani, tende za kila rangi, na hoja. Halua tuliimaliza siku ya pili. Hoja zake hazikuisha mpaka anapanda ndege.

Mama alikuwa kwangu Rooty Hill, pembeni mwa Sydney, kwa viza ya matembezi, na viza ilikuwa inaelekea ukingoni. Ile ya mzazi, ya kukaa moja kwa moja, niliiulizia. Foleni yake ni ndefu kuliko umri uliombakia mama, na afisa aliyenieleza kwenye simu alikuwa mpole kabisa, kama mwenye duka anayekwambia sukari imekwisha. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili: nimtafute mwanasheria anipigie debe, au nimwachie kaka, ambaye ana uraia wa Omani kwa jina la babu yetu na angemwandikisha mama mara moja. Sitazunguka maneno. Nilimtaka mama. Nilimtaka akae chumba cha nyuma, anigombeze kwa suruali zangu za kazini, na siku yake ikifika nimfumbe macho mimi, si mtu mwingine.

Kaka anafanya kazi kwenye mtambo wa kutoa chumvi katika maji ya bahari. Mji mzima unakunywa bahari kwa jasho lake, na hilo hawezi kukuacha ulisahau. Jioni ya kwanza, kabla hajamaliza chai, alianza.

"Nimeangalia dirishani tangu tulipoingia juu ya nchi yenu," alisema. "Nyekundu tupu. Nikalala, nikaamka, bado nyekundu. Halafu mnaringa! Nyinyi ni jangwa tu kama sisi, mmejibanza pembeni penye maji."

"Na nyinyi mmejibanza wapi, Kaka? Si pwani vilevile?"

"Sisi hatujifichi. Tunajua tulipo. Jangwa tumelitia lami, tumelitia taa, tumelipandia maua."

"Kwa mafuta."

"Na nyinyi kwa nini? Kwa maombi? Si mnachimba chuma na makaa na gesi mnauza?"

Hapo alinipata, nikacheka. Kaka yangu si mjinga, na ndiyo maana huniudhi. Mjinga unamwacha aseme, lakini huyu ilibidi nimjibu.

Tukapima nchi zetu wiki nzima. Barabara zake ni laini, mtu unaweza kunywa kahawa garini bila kumwagika. Mimi nina treni, inayonipeleka mjini na kunirudisha, na hakuna anayeniuliza nakwenda wapi wala na nani. Nilisema hilo kwa makusudi. Niliishi kwake Maskati kabla sijaja huku kusomea uuguzi, na nyumba yake ni nzuri, ina marumaru hadi ukumbini. Lakini kwenda sokoni nilimsubiri anipeleke. Kwenda kwa rafiki nilimsubiri. Hata kununua kitambaa cha kichwa, alikaa garini akipiga honi. Hakuna aliyenikataza kutoka, ila hakuna aliyeniona nikiwa mtu mzima. Nikaondoka, na kaka hajanisamehe mpaka leo.

"Matibabu," alisema siku nyingine, tukiwa tumekaa kwenye treni ya kutoka mjini, mama akiwa dirishani. "Mwananchi kwetu anatibiwa na serikali."

"Na kwetu pia. Ninayo kadi."

"Mama anayo?"

Nikatazama nje. Mama hakuwa nayo, kwa kuwa mgeni wa matembezi hapewi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimtazama akishuka ngazi huku nimeshika roho mkononi, nikiomba asiteleze. Kaka akapiga goti lake kwa kiganja kama aliyekula kete.

Basi nami nikamtafutia yake. "Yule binti anayemwogesha mama akiwa kwako, yule wa Tanga, ana siku ya kupumzika?"

"Anakula vizuri."

"Sijakuuliza anakula nini."

Ikawa zamu yake kutazama nje. Lakini alinilipa jioni ile ile, mezani, na alilipiza pabaya. Alisema: "Wewe unashinda kuosha wazazi wa Wazungu waliotupwa na watoto wao. Hiyo ndiyo nchi unayotaka kumzeeshea mama?"

Nilisimama hadi kiti kikaanguka. Nilimwambia ndiyo, naosha wazee, na naosha vizuri, na nikiumia mgongo nalipwa nikiwa nyumbani, na msimamizi akinitukana najua pa kumshtaki. Nilimwambia amuulize binti wa Tanga yeye anashtaki wapi. Nilimwambia mengi. Kutoka jikoni mama akasema, "Punguzeni sauti, jirani atadhani tunapigana."

Jirani ndiye aliyekuwa kwenye mawazo yake, si sisi. Nilipaswa kuliona hilo, maana lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku alipofika.

Mama hawezi kupika kitu kikaliwa na watu wa nyumba moja. Akimimina mkate wa mchele, harufu ya hiliki ikishafika nje, basi kipande ni cha jirani, kwenye sahani nzuri, juu kimefunikwa kitambaa. Na kwetu Pemba sahani ya jirani haikai kwako siku nyingi, na hairudi hivi hivi. Unatia ulichonacho: maembe, kisamvu, ndimu mbili, hata ukikosa kabisa unatia chumvi. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzako asilete tena.

Jirani yangu ni mama wa Kiaustralia, mjane, mwenye mbwa mnene na bustani isiyo na jani lililokosea njia. Mama alimpelekea mkate. Siku ya pili sahani ilirudi imeoshwa, inang'aa, na kadi ndogo ya shukrani yenye picha ya ndege. Mama aliigeuza sahani akaangalia chini yake.

"Mbona tupu?"

Nikamweleza kwamba huku kuosha na kurudisha ndiyo adabu yao. Akasikiliza. Wiki iliyofuata akapeleka tena, vibibi safari hii, vile vya mchele na nazi. Sahani ikarudi safi, na kadi nyingine. Nilitamani kumfuata yule mama nimwambie, lakini nilikuwa natoka shifti na kuingia shifti, nikajiambia ni jambo dogo. Alikuwepo jirani mmoja tu aliyeelewa, Mkongo wa nyumba ya kona, ambaye sahani yake ilirudi na sombe, kisamvu chao, imejaa pomoni na salamu za "mama mukubwa". Mama aliimba kutwa nzima siku ile. Kisha Mkongo akapata nyumba ya serikali Campbelltown, akahama.

Jioni ya mwisho kabla viza haijaisha, mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, ingawa pweza wa hapa anamlaumu kuwa hana ladha ya bahari. Kaka alikuwa anaeleza habari za hospitali mpya karibu na kwake. Mimi nilikuwa na mwanasheria wangu mdomoni, nasubiri apumue niingie.

"Mmemaliza?" mama aliuliza.

Tukamgeukia.

"Mimi nakwenda kwetu."

"Kwetu wapi?" kaka aliuliza, na naapa alikuwa hajui.

"Wete."

Hapo sisi wawili, ambao wiki nzima hatukukubaliana hata kuhusu kiasi cha sukari kwenye chai, tukawa na kauli moja. Mama, umeme wa kule. Mama, ukiugua ghafla hospitali ya pale haina kila kitu, utavushwa hadi Unguja. Mama, nyumba ile paa lake limechoka. Kaka akisema, namalizia. Nikisema, anapigilia.

Mama alitusubiri tuishiwe pumzi. "Wiki nzima mnapima majangwa yenu," alisema. "Hamkuniuliza. Mimi nimezaliwa penye mvua. Kwetu ikinyesha kwenye bati, mtu anakuita yuko mlangoni humsikii. Hapa nimekaa, sahani yangu inarudi tupu. Kule kwako," akamgeukia kaka, "napeleka sahani, inapokewa getini na mtumishi, inarudi na mtumishi mwingine, imejaa biriani, nzuri sana. Lakini nani kaipika? Nimekaa mwezi mzima sijauona uso wa mwenye nyumba. Ukuta wake mrefu kuliko msikiti."

"Mama, ni sahani tu," kaka alisema.

"Ndiyo, sahani. Wete sahani ikirudi tupu, najifunga kanga yangu naenda mwenyewe kumuuliza ana nini na mimi. Hapa nikamuulize nani, kwa lugha gani? Mtoto wa marehemu dada yangu yuko pale nyumbani. Nitakaa naye. Paa mtanitengenezea, si mna kazi nyote?"

Niliumia. Niseme kweli, niliumia kuliko kama angemchagua kaka. Kama angemchagua kaka ningemchukia kaka, basi. Sasa nilibaki na wali mkononi na sina wa kumchukia. Nilitaka kumwambia kwamba nimeosha wazee wa watu miaka yote hii huku nikiwaza siku nitakayomwosha yeye, na ananinyima.

Kaka ndiye aliyenizindua. Aliniinamia na kusema kwa sauti ya chini, kana kwamba mama ni kiziwi, "Uzee huo. Usimsikilize. Tiketi ya Maskati nimeshakata."

Damu ilinipanda. Naijua sauti ile. Kila siku kazini naisikia kwa watoto wanaosimama miguuni mwa kitanda cha mzazi wao na kuniuliza mimi kama amekula, naye yuko macho, anatutazama.

"Irudishe," nilimwambia.

"Nini?"

"Tiketi. Mama ana akili zake zote. Kwako atakuwa mgeni wako, kwangu atakuwa mgeni wa serikali. Kwake atakuwa mwenye nyumba. Haendi Maskati, na mimi simtafutii mwanasheria. Anakwenda Wete."

"Akifa kule peke yake?"

"Hatakuwa peke yake. Umesikia habari ya sahani au hukusikia?"

Kaka aliondoka mezani. Mama alivuta bakuli la mchuzi, akaniongezea pweza, akaniambia nikae sawa ninapokula.

Ukoo mzima ulinijia juu. Kwenye kundi letu la simu waliandika kwamba nimemtupa mama, kwamba Ulaya imenikausha moyo, ingawa hapa si Ulaya na hawataki kuelewa. Shangazi mmoja aliandika kwamba mtoto wa kike aliyesomeshwa ndivyo alivyo. Sikumjibu mtu. Wacha waseme. Wao wanatafuta nchi iliyo bora ya kumwekea mama, na mama si sanduku la kuwekwa. Paa tulilitengeneza mimi na kaka, maana kaka naye, baada ya kununa hadi akachoka, alipeleka mabati mazuri kuliko niliyotaka kupeleka mimi. Amefanya makusudi, namjua.

Mama alipoondoka, nyumba ikawa kimya. Chumba cha nyuma nilikifunga mlango, na jikoni nilikuwa nikikuta harufu ya hiliki kwenye kitambaa, nakaa chini nalia, kisha nakasirika kwa kulia. Mama aliniachia sahani zake kabatini. Alisema Wete kuna sahani.

Jumapili moja sikuwa na shifti. Niliroweka mchele, nikasaga, nikamimina mkate. Ulichanika pembeni na katikati ulikuwa umenata, lakini ulikuwa mkate. Nikatia vipande kwenye sahani ya mama, nikafunika, nikaenda kugonga kwa jirani. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za mama, akasema ameukumbuka mkate wake.

"Sahani hii," nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kazini, kile cha kumweleza mgonjwa dawa yake, "hairudi kwangu tupu. Mama yangu alikuwa anahuzunika kila ulipoirudisha tupu. Kwetu ni kama kumfukuza."

Uso ulimwiva. Akaweka mkono mdomoni. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" aliuliza, nami nikamwambia ndiyo namwambia sasa. Akauliza atie nini. Nikamwambia chochote, hata chumvi.

Sikumwomba radhi kwa kusema hivyo. Mimi sihami. Nalipa kodi hapa, nawaosha wazee wao hapa, na nimechoka kuwa mtu anayeelewa adabu za kila mtu na zake anazifungia kabatini.

Jumanne jioni alikuja mwenyewe, na mbwa wake. Sahani ilikuwa na malimau ya mti wake, yamepangwa kwa uangalifu mpaka nikaona huruma kuyagusa.

Nilimpigia mama papo hapo. Kule Wete mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati ya kaka, ikabidi nipige kelele. Nilimwambia sahani imerudi na malimau, na kaileta mwenyewe.

"Kaileta mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama. Na mbwa wake."

Mvua ikazidi. Nikajikaza, nikasema nililokuwa sijawahi kulisema tangu aondoke: "Basi rudi, Mama."

"Mimi niko kwangu," alisema. "Nilikuwa nakuhofia wewe." Kisha akapaza sauti juu ya mvua. "Kumbe hapo panakalika."