Jicho lililobaki kwenye moshi wa chumvi

Umewahi kumwona mtu akionja maji kwanza, ndipo aamue kuwasha moto?

Kumekucha. Mpika chumvi anachovya kidole mtungini. Juu ya mtungi kuna chungu kilichotobolewa kitako, kimejaa udongo wa chumvi alioukwangua bondeni wakati wa jua kali. Maji aliyoumwagia jana yamechuja tone kwa tone. Anaonja, anakunja uso.

"Yamekolea. Lete kuni, mwanangu."

Binti yake anazibwaga chini kwa kishindo.

"Daktari alisema nini, mama? Au masikio nayo yameingia moshi?"

"Masikio mazima. Jicho ndilo limebaki moja."

La kushoto lilizimika miaka mitatu iliyopita. La kulia hutiririka machozi tangu moto uwake hadi maji yawe uji mzito, kisha mabonge ya kijivu. Akiendelea na moshi huu, aliambiwa, nalo litakwenda.

Faida haipo. Zamani bonge kama hili lilinunua jembe. Leo pakiti ya dukani haizidi sana bei ya kiberiti, na mabonge yake hurudi kutoka sokoni kama yalivyokwenda. Amebakiwa na mtu mmoja tu: shoga yake, mkulima wa kunde wa ng'ambo ya mlima. Mama zao walibadilishana hivyo hivyo, chumvi kwa kunde, bila mizani, kwa sharti moja: atakayeacha kwanza ndiye aliyeua udugu.

"Nikimwambia chumvi basi," anasema, "nitamtazama kwa jicho lipi?"

Jua likiwa utosini, shoga anaingia na kunde zake kichwani. Anamkuta mwenzake akipapasa kutafuta mwiko. Mkono unaangukia chungu kinachochemka. Shoga anatupa mzigo, anaudaka ule mkono na kuutia kwenye ndoo ya maji.

"We! Kumbe huoni kabisa?"

"Naona kivuli chako. Kimenenepa."

Shoga hacheki. Anaketi kwenye gogo, bado ameushika mkono.

"Nikwambie kitu, usinichukie. Chumvi yako, mwaka wa ngapi sijui huu, nawalambisha mbuzi. Nyumbani wanataka ya dukani. Mimi naibeba tu, usije ukasema nimekutupa."

Chungu kinaanza kuungua, na hakuna anayekiepua.

"Na kunde zako," mpika chumvi anasema hatimaye, "zina wadudu. Nazichambua, nazila."

Binti anaangua kicheko, kisha anakimeza. Mama yake anapangusa jicho la kushoto, lile lisilotoa hata chozi.

"Mwakani uje mikono mitupu," anasema. "Uje tu tukae."

"Na wewe hukutaka hii kazi?"

"Binti kasema niache, daktari kasema. Mimi nilitaka useme wewe."

Shoga anainuka, anaziondoa kuni motoni moja moja.

"Acha, dada," anasema. "Acha."