Virisi Nimero Sezi

Munganga mumoja wa hapa Bunia alisoma karatasi ya laboratware: bibi yangu wa ndoa iko na kansere ya mulango wa kizazi, na ndani yake waliona virisi, kidudu cha ugonjwa, nimero sezi, ni kusema kumi na sita. Mi sikusoma sana. Nilizani sezi ni nimero yetu ya kungojea, nikamujibu kama siye tuliisha kuingia. Bibi akacheka, hata na maumivu yake.

Munganga akafasiria: virisi hizo ziko namna mingi, lakini sezi ni kati ya zile mbaya. Mwanaume anaileta nyumbani bila kujua, nayo inalala miaka mingi ndani ya mwanamuke. Sasa ugonjwa ulifika mbali, hawawezi tena kupasua.

Nikafikiria Bambu. Kule nilichimba zahabu, nikalala na wanawake wengine, siwezi kuficha, na nilikuwa ninarudia nyumbani mikono mitupu.

Mu njia ya kurudia nyumbani nikamuambia bibi: "Mama, labda ni mimi."

"Muzee, miaka yote nilikuwa ninakuuliza umeniletea nini toka Bambu," akajibu. "Sasa nimejua."

Alikufa kabla mahindi ikomae. Na hakuna karatasi yenye inaweza kuniambia kama kweli ni mimi.