Boriti za Kwetu

Nafanya kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumtunza mama yake madam, ambaye sote humwita Sitti. Mwezi uliopita nyumba yao ya zamani katika mji wa kale ilikaribia kwisha kukarabatiwa, akataka kuiona. Nikampandisha ngazi nimemshika kiuno.

Chini duka, juu makazi, kama kwetu Mombasa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na katikati ya safu za mawe wamelaza mbao ndefu ili nyumba ikitikisika ukuta usipasuke. Dirisha la mbao lenye vitobo limejitokeza juu ya njia. Hapo wanawake walikaa wakitazama bila ya kutazamwa. Nikainua macho darini. Boriti! Nyeusi, zimepangwa sambamba, kama zile nilizokuwa nikizihesabu kitandani utotoni. Sitti aliigusa moja kwa ncha ya mkongojo, akatabasamu.

Aibu ilinishika hapo hapo. Wiki ile kaka yangu alikuwa ametaka tuibomoe nyumba ya marehemu baba, ajenge fleti za matofali kwa hela ninazotuma. Mama hakupenda, ila alisema neno la mwisho ni langu, maana mlipaji ni mimi. Nikawajibu kwa ukali wangu wa siku zote: "Bomoeni! Mpaka lini tutaishi na mchwa?" Mwacha asili ni mtumwa, na mimi hata gharama ya kuiacha nilikuwa nailipa mwenyewe.

Nikajitenga dirishani, nikampigia mama.

"Mama, waambie wasibomoe. Nimeghairi."

"Wachelewa, mwanangu. Dari ishashuka tangu jana. Hizo boriti mafundi wachemshia chai."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliniuliza tu kama nimekula.

Niliporudi, Sitti alikuwa ameketi akipangusa vumbi magotini.

"Na kwenu mna nyumba kama hii?"

"Ipo," nikasema, na uso ukaniwaka.

Akataka kuiona. Nikamfungulia picha kwenye simu: mama kasimama mlangoni, duka liko wazi, vichwa vya boriti vinaonekana juu ya mtandio wake. Sitti aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama sana.

"Mwambie mama yako asikubali iguswe."

"Haya, Sitti," nikajibu. "Nitamwambia."