Vumbi Jeupe Katika Resori

Nina wivu. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa Védastine wa kwaya, maana yeye akilisema atatia chumvi. Mimi ni Mukantwari, fundi wa resori, springi za magari, hapa Kamembe, na mume wangu ni Gisa, dereva. Watu hushangaa kuona mke amelala chini ya gari na mume amekaa anasubiri chai. Washangae. Gari ni letu sote wawili, lakini chini yake ni kwangu.

Lenyewe ni gari la zamani la kupanda milima, mabati manene, magurudumu yote manne yanavuta, nyuma lina mabenchi mawili yanayokunjwa. Gisa hubeba ndizi, mihogo, maharusi, wagonjwa, chochote kinacholipa. Mawe tu nilimkataza. Kila Jumamosi asubuhi nalikagua, na halitoki kabla sijasema litoke.

Kazi hii nilifundishwa na Papa, Mzee Harerimana, kule Bukavu, ng’ambo ya mpaka, ambako wengi wetu tulizaliwa kabla ya kurudi huku. Resori ya nyuma ni mabamba ya chuma yaliyopinda kidogo, yamelaliana, refu juu na fupi chini, yamebanwa katikati. Bamba moja tunaliita lame. Papa alikuwa na vitu vitatu tu vya kukagulia: kamba, kisu na chokaa. Kamba unaivuta kutoka sikio moja la resori hadi la pili, halafu unapima kwa vidole resori imelala kiasi gani. Kisu unakwangulia udongo kati ya mabamba. Chokaa ni ya mwisho. Unapaka mazutu, yaani dizeli, kwenye chuma, unangoja, unakifuta kikauke kabisa, kisha unapuliza chokaa juu yake. Kama kuna ufa, mazutu yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipouona mstari huo mara ya kwanza, na sikutaka tena kazi nyingine.

Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Muderhwa. Muderhwa alipenda kuwaambia wateja, nami nikiwa hapo hapo, kwamba mkono wa mwanamke unatosha kufunga kifuniko cha sufuria. Sasa ana gereji yake Muganza, karibu na machimbo ya mawe meupe ya saruji, anatengeneza malori ya mawe. Hatujasalimiana huu mwaka wa sita.

Na Muganza kuna mtu mwingine, naye ni Drocella. Gisa alikuwa amuoe. Familia zilikuwa zimeshakaa na kunywa pombe ya ndizi pamoja. Halafu resori ya gari lake ikakatika hapa Kamembe, nikaitengeneza, akarudi kesho yake akisema inalia, nayo hailii, na kesho kutwa tena. Drocella aliachwa hivyo. Siku hizi ana mgahawa wa wali na maharagwe, wafanyakazi wa saruji wanajaa kwake kila zamu inapobadilika. Bado ni mzuri. Anapika vizuri. Mimi napika kama fundi.

Basi miaka tisa naishi na jambo hili: mwanamume aliyemwacha mwanamke mmoja kwa sababu ya resori anaweza kuniacha mimi kwa sababu ya wali. Nimenusa mashati. Nimepiga simu saa sita mchana kuuliza kama amekula, na alipokuwa amekula nimeuliza kwa nani. Siku moja nilipiga mara kumi na moja kati ya hapa na Giheke, na Giheke si mbali. Sijivuni kwa hayo, ila sikuweza kuacha.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, Gisa alikuwa awapeleke akina mama wa kwaya Nyakabuye, kumpongeza mwenzao aliyejifungua. Niliingia chini ya gari mapema. Kamba ilinionyesha resori ya kulia imelala kidole kimoja zaidi ya ile ya kushoto. Nikachukua kisu. Upande wa kushoto ulitoka udongo mwekundu, udongo wa Giheke, sawasawa na alivyoniambia kuhusu safari yake ya Alhamisi. Nikahamia kulia.

Kisu kilitoa vumbi jeupe.

Nililisugua kati ya vidole. Lilikuwa vumbi la machimbo, limekauka na kushikamana na grisi ya zamani. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imeosha gari zima, lakini kati ya mabamba mvua haifiki. Damu ilinipanda kichwani. Niliona mgahawa, niliona benchi, nilimwona Gisa amekaa kwenye lile benchi na sahani mbele yake, na Drocella anamwongeza maharagwe bila kuombwa. Nikatoka chini ya gari na kisu mkononi.

“Papa Iza,” nilimwambia, maana mtoto wetu ni Izabayo, “Alhamisi ulikuwa wapi?”

“Si nilikuambia? Giheke.”

“Giheke iko na vumbi nyeupe tangu lini?”

Alikitazama kisu, akatazama chini, akatazama kikombe chake. Mtu asiye na kosa hatazami vitu vyote hivyo.

“Uko unaniuliza ao uko unanifunga?” akasema. “Mama za kwaya bako bananingojea.”

“Umusalimie.”

“Nani?”

“Unamujua.”

Akawasha gari akaondoka, nami sikusema litoke wala lisitoke. Nilivua ovaroli, nikafunga kitenge changu kizuri, kile cha Pasaka, kwa sababu sikutaka Drocella anione na mafuta. Nikapanda pikipiki ya abiria hadi Muganza. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na matusi ya Kiswahili, ya Kinyarwanda na mawili ya Kimashi niliyojifunza sokoni Bukavu nikiwa mdogo, na niliyapanga kwa ukubwa.

Drocella alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliniona nikiingia, akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, wala hakusimama.

“Karibu, Maman. Utakula ao utapigana kwanza?”

Maneno yangu yote yakanipotea. Nikasema tu, “Bwana yangu alikuja hapa Alhamisi.”

“Alikuja. Alikaa pale kwa mulango, akakula muchele na maharagi, akalipa. Alikuwa anangojea gari.”

“Gari ilikuwa wapi?”

Hapo akaacha kuchambua. Nadhani alinihurumia, na hilo nilimchukia nalo zaidi ya uzuri wake.

“Haukujua? Gari ilikuwa kwa Muderhwa. Alibeba mawe, lame moja ikavunjika pale kwa kona, batu bote ba hapa balisikia vile ililia. Muderhwa akamutilia lame ya zamani, alitoa kwa kamiyo ya mawe yenye kufa. Gisa akaniomba nisiongee.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya mudomo yako, Maman. Hapana juu yangu. Mimi niko na bwana na batoto bane.”

Niseme ukweli nilivyosikia wakati ule. Nilipaswa kufurahi. Mume wangu hakuwa na mwanamke. Lakini nilisikia uchungu ambao sikuwahi kuusikia nilipokuwa namwaza na Drocella, kwa sababu Drocella angechukua nini? Angechukua mchana wake mmoja. Muderhwa alikuwa amelala chini ya gari langu. Alikuwa amefungua boliti nilizozikaza kwa mikono yangu, ameziona, ameshika spana zake na kuzikaza upya apendavyo, labda anacheka. Na mume wangu alikuwa amempelekea mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi lile lile la mlangoni. Hapo ndipo fundi aliye ndani yangu aliamka. Vumbi lile lilikuwa upande mmoja tu. Gari likipita kwenye vumbi huingiwa pande zote mbili. Fundi yeyote angejiuliza kwa nini kulia tu, na angeendelea kukwangua mpaka alione bamba geni lililokuja na vumbi lake kutoka kwenye lori lililokufa. Mimi sikujiuliza. Nilipoona weupe nilisimama, nikaenda kuvaa kitenge. Mazutu sikupaka. Chokaa sikuigusa. Na gari lilikuwa limetoka, akina mama sita nyuma, likielekea kwenye mteremko wa Nyakabuye juu ya chuma ambacho sikukikagua.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Mara ya tano ilikuwa imezimwa. Nani angemlaumu? Mke aliyekwisha kupiga mara kumi na moja kuuliza habari za chakula, leo anapiga, utajuaje kwamba leo ni resori?

“Twende,” nilimwambia kijana wa pikipiki, “panda na barabara yao mpaka tukutane nao.”

Tulikutana nao juu, kabla kona hazijaanza. Niliwasikia kwanza, walikuwa wanaimba. Nikashuka, nikasimama katikati ya barabara, mikono juu, kitenge cha Pasaka kimejaa vumbi hadi magotini. Gisa alifunga breki. Wimbo ukakatika. Védastine akachungulia dirishani.

“Ee Yesu,” akasema, “amekuja. Maman Iza, tafazali, tuko tunaenda kuona mutoto. Hii mambo ya nyumba mutaongea kesho.”

“Shukeni,” nikasema.

“Hakuna mwanamuke humu ndani,” Gisa akaanza kusema. “Ni kwaya tu. Uangalie mwenyewe!”

“Najua. Bote bashuke. Lete mazutu.”

Hapo akashuka. Alijua kwamba najua. Alikwenda kuchukua dumu dogo bila kuniangalia, nami nikalala chini barabarani na kile kitenge, mbele ya kwaya nzima. Nikakwangua upande wa kulia mpaka nikaliona: bamba la pili kutoka juu, lina kutu ya rangi nyingine na pembe zake zimekatwa kwa moto. Nikapaka mazutu karibu na pale linapobanwa. Nikangoja. Nikalifuta kwa upindo wa kitenge, maana sikuwa na kitambaa kingine.

“Chokaa iko wapi?” Gisa akauliza.

Chokaa ilikuwa nyumbani. Lakini akina mama walikuwa na kapu la unga wa muhogo wa kumpelekea mzazi. Nikaomba kiganja kimoja. Védastine alinipa huku akinung’unika kwamba mtoto wa watu ananyimwa chakula kwa ajili ya wivu wa mtu mwingine. Nikaupuliza unga juu ya chuma. Ukabaki mweupe. Ukaendelea kuwa mweupe, nami nikiwa chini pale nilianza kuona haya, nikafikiri, sasa nimekosea mara mbili kwa siku moja, na watalisimulia hili mpaka Izabayo aoe.

Kisha mstari ukatoka. Ulianzia ukingoni, mwembamba, ukatambaa karibu upana wote wa bamba. Kilichobaki kizima hakikufika upana wa kidole.

“Njoo uone,” nikasema.

Gisa akalala kando yangu. Védastine naye akainama, akauona, akapiga ishara ya msalaba na kunyamaza. Kwa Védastine hilo ni jambo kubwa. Walienda kuona mtoto kwa gari la mtu mwingine, na unga pungufu.

Tulibaki wawili chini ya gari. Gisa akasema polepole, “Nilikuwa naogopa. Ningekuambia lame imevunjika, ungelia juu ya mawe mwezi nzima. Muderhwa yeye haongei. Anatengeneza, anakulipisha, unaenda.”

“Na uliniambia Giheke.”

“Giheke pia nilienda, ni kweli. Nilienda kwanza.”

Nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa na yale matusi yote, hata lile la pili la Kimashi. Lakini nilikuwa nautazama ule mstari mweusi kwenye unga, na nilielewa kwamba mdomo wangu ndio uliompeleka mume wangu kwa Muderhwa, na wivu wangu ndio uliozima simu yake. Nililia kidogo. Machozi yalitiririka kuingia masikioni, maana nilikuwa nimelala chali.

Jumatatu nilitoa bamba la Muderhwa na kuweka jipya. Tangu siku hiyo Gisa akivunja kitu ananiambia siku hiyo hiyo, nami sipigi kelele. Simu napiga mara moja. Kwa Drocella nimekula wali mara mbili, na ni mtamu, Mungu anisamehe. Kwa hiyo watu wanasema Mukantwari amepona.

Lakini nilipokuwa nazikaza zile boliti, Gisa amenishikia taa, nilimuuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimuuliza kati yangu na Muderhwa nani anakaza vizuri.

“Wewe,” akasema.

Ila kabla ya kusema alifikiri.