Kidole cha Hannah

Nina kisa ambacho hamtakiamini, na msipoamini shauri yenu. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita na sijawahi kudanganya siku ya Ijumaa. Leo ni Ijumaa, mapumziko hapa Riyadh, na mpwa wangu Titus, mwenye kisa, amelala kitanda cha juu akijifanya hanisikii nikisoma kwa sauti haya ninayoandika.

Titus anaendesha lori la maji. Chekeni kwanza. Mturkana wa kwetu, kaskazini kukavu kwa Kenya, kavuka bahari kuja kuwajazia watu matangi jangwani! Maji yenyewe yametolewa chumvi baharini, yakapigwa pampu mpaka hapa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, ambako mikahawa inaoshea hata lami. Kwetu, maji ni shimo kwenye mchanga wa mto mkavu. Kisima ni cha aliyekichimba, na cha akina Titus alikichimba marehemu baba yake, kina cha watu watano wakipokezana karai.

Kisha yakavumbuliwa mafuta. Wee! Tangu siku hiyo kila kitu kinangoja mafuta. Zahanati? Mafuta yakianza kutoka. Paa la shule? Mafuta. Titus mwenyewe aliajiriwa na kampuni kushika bendera nyekundu malori yapite. Alikula vumbi miezi minane, kazi ikasimamishwa, wakamnyang'anya hata bendera. Kitambaa! Ndipo akaja huku.

Jumanne iliyopita alikuwa akijaza tangi nyuma ya mkahawa mmoja Sulimaniyah, dada yake Valary akampigia simu ya video. Kwenye kioo: karani wa kampuni, meza, karatasi ya Kiingereza, kidau cha wino. Na Hannah, mama yao, dada yangu wa tumbo moja, kidole gumba kimeshakuwa cha zambarau.

"Watanipa tangi la plastiki," Hannah akasema. "Nitie kidole tu."

"Mama, simamisha hicho kidole hapo hapo! Karatasi inasema nini?"

"Nitajuaje, na msomaji wangu ndiye wewe, uko huko mbali?"

Valary akaisogeza simu karibu na karatasi. Titus akasoma. Kambi ya malori, uzio kando ya mto wote, na kisima cha baba ndani ya uzio.

"Wewe karani! Umemsomea mama yangu mstari huu wa uzio kwa Kiturkana?"

"Kwani wewe nani?"

"Mtoto wa aliyechimba kisima. Msomee!"

Karani akacheka. "Basi njoo uzuie."

Maneno hayo yalimchoma, maana pasipoti yake iko Jeddah, ndani ya droo ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na kafili hutaja droo hiyo kama mtu anayetaja mbwa mkali. Aje na nini? Na wakati huo huo mwenye mkahawa anagonga mlango wa lori: "Yalla! Yalla!" Tangi limejaa, maji yanafurika mpaka barabarani.

Titus hakufunga koki. Aliigeuza simu.

"Tazama, mama. Haya yanamwagika bure. Hawa pia wana mafuta. Nani amewaambia wachague, mafuta au maji?"

Hannah aliyatazama maji yale yakipita juu ya lami mpaka mwenye mkahawa akaifunga koki mwenyewe, akitukana. Kisha akasema, "Shimo la mume wangu halitiwi kidole."

Sasa shikeni viti! Dada yangu aliruka meza, akaipangusa ile zambarau kwenye shati jeupe la karani! Watu mia tano wakapiga vigelegele, ngamia wakapiga magoti, karani akatoka mbio miguu mitupu, akakimbia usiku na mchana mpaka—

"Mjomba, hebu acha! Alijipangusa kwenye shuka lake. Walikuwepo watu kumi na mmoja, na karani hakukimbia popote. Alikunja karatasi akasema atarudi Jumatatu. Na Jumatatu mimi niko njiani kwenda Jeddah, simu haishiki, kwa hivyo andika hilo, andika kwamba mama atakuwa peke yake na karatasi ile, bila wa kumsomea."